Mkono wa Fundi wa Nakshi: Uchambuzi wa Kisa cha Saikolojia Changanuzi Kutoka Lamu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya washauri nasaha, matabibu na wanafunzi wa saikolojia wanaofanya kazi Pwani. Mhusika ameridhia kiandikwe. Jina lake, mtaa wake na baadhi ya mambo ya ukoo wake yameondolewa au kubadilishwa, kwa sababu Amu, yaani mji wa Lamu, ni mji ambao mtu hukata kichochoro kimoja na wote walioketi barazani wakajua anakokwenda. Humu ataitwa Fundi. Aliyemhudumia ataitwa mshauri. Mimi nilikuwa katika kikundi cha usimamizi ambacho mshauri huyo alikiletea kazi zake, na haya ninayoyaeleza yametokana na taarifa zake na mazungumzo niliyoyafanya baadaye na Fundi mwenyewe.

Usuli

Fundi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mchonga milango. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa katika nyumba ya mama yake, na aliyemlisha, akamsomesha na kumtia katika kazi ni mjomba wake, kaka mkubwa wa mama, mwenye karakana. Alianza kwa kufagia maranda na kupiga msasa, akapandishwa hadi kuchonga miimo, kisha mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana. Kizingiti cha juu kilibaki kazi ya mjomba mwenyewe, kwa kuwa ndicho mgeni anachokitazama kwanza anaposimama dakani.

Mwaka wa kisa hiki mjomba alimwachia mlango mzima, kizingiti pia. Ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilikuja na jambo ambalo halikutamkwa ila kila mtu nyumbani alilijua: mlango ukiisha na ukalipwa, akdi ya ndoa ya Fundi na binti wa mjomba ingefuata. Wasilolijua nyumbani ni kwamba Fundi alikuwa ameahidiwa kazi katika karakana ya samani huko Mombasa, na alikwisha kuikubali.

Mkono unapooza

Asubuhi aliyokusudia kuanza kizingiti, Fundi alishika patasi ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena, na kufika adhuhuri mkono wa kulia ulikuwa ukining'inia, vidole havikunji, na ganzi imeshika kiganja chote. Mama yake aliukanda kwa mafuta ya habasoda. Mjomba alisema ni jicho, maana mlango ule ulikuwa umesifiwa mno na wapita njia, na hakuna aliyesema mashaallah. Aliitwa mwalimu, akamsomea, akamwandikia kombe akanywa. Alifikishwa hospitali siku kadhaa baadaye.

Hapo pana la kusemwa mapema, kabla ya nadharia yoyote. Mkono unaolegea ghafla ni jambo la dharura, kwa sababu huenda ni kiharusi, na kiharusi hakingoji. Kusomewa hakukumdhuru Fundi. Kucheleweshwa kungeweza kumdhuru. Familia ingeweza kuyafanya yote mawili siku ileile.

Daktari alimpima kwa uangalifu. Uso haukupinda, maneno hayakukwama, na misuli ya mikono miwili iliitika sawasawa alipogonga kano kwa kinyundo chake. Ganzi ilikoma kwenye kifundo cha mkono kwa mstari ulionyooka, kama mtu aliyevaa glavu, ilhali hakuna mshipa wa fahamu hata mmoja unaogawa hisia za mkono namna hiyo. Picha ya kichwa, iliyopigwa nje ya Lamu, haikuonyesha tatizo. Daktari akafikia uamuzi sahihi, kwamba huu ni udhaifu wa utendaji wa neva ambao hautokani na neva kukatika wala kubanwa, kisha akaueleza vibaya. Alimwambia Fundi, "Wewe huna ugonjwa," na kumpeleka kwa mshauri. Fundi alitoka pale akiamini kuwa ameitwa mwongo.

Dhana alizokwenda nazo mshauri

Mshauri alikuwa amesomea ushauri nasaha Nairobi na kuvutiwa sana na saikolojia changanuzi, yaani njia ya Freud ya kutibu kwa mazungumzo yanayotafuta yaliyofichika nafsini. Mtu aliyesoma historia ya fani hii angeelewa kwa nini kisa hiki kilimsisimua. Sigmund Freud, aliyezaliwa mwaka 1856, alikuwa daktari wa neva kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na mwaka 1893 aliandika kwamba kupooza kwa histeria, jina la zamani la maradhi ya mwili yasiyo na dosari ya neva, huenda kana kwamba elimu ya muundo wa mwili haipo: mkono hupooza kwa kufuata mipaka ambayo watu wa kawaida huiita mkono, wala haufuati njia za neva. Glavu ya Fundi ndiyo hiyo hasa. Miaka miwili baadaye, yeye na daktari mwenzake Josef Breuer walichapisha kitabu chao juu ya histeria, ambamo mgonjwa wa kwanza ni binti wa Vienna aliyeitwa Anna O. Breuer alimtibu kati ya mwaka 1880 na 1882, na miongoni mwa maradhi yake ulikuwemo mkono wa kulia uliopooza wakati akimuuguza baba yake.

Kutokana na visa kama hivyo Freud alijenga nguzo ambazo mshauri alizitegemea. Ya kwanza ni ung'amuzibwete, yaani sehemu ya nafsi yenye matamanio, hofu na kumbukumbu ambazo mwenyewe hazijui lakini zinaendesha matendo yake. Ya pili ni ukandamizaji: nafsi husukuma chini jambo lisilovumilika, na jambo hilo, kwa kuwa halifi, hurudi kwa sura nyingine, ikiwa ndoto, ulimi kuteleza au maradhi ya mwili. Mwaka 1923 Freud aliigawa nafsi katika idi inayotaka tu, supaego inayoamrisha na kulaumu kwa sauti ya wazazi, na ego iliyokwama kati yao ikijaribu kuishi na ulimwengu ulivyo. Binti yake, Anna Freud, alizipanga vizuri kinga za nafsi katika kitabu chake cha mwaka 1936. Zipo pia dhana mbili za chumbani: uhamisho wa hisia, ambapo mteja humtendea mshauri kama alivyozoea kumtendea mtu mwingine muhimu maishani mwake, na upinzani, ambapo mteja hukwepa yale yanayokaribia kufichuka.

Mshauri alimpangia Fundi kikao kimoja kwa wiki, baada ya sala ya alasiri, katika chumba cha zahanati. Freud aliwaona wagonjwa wake karibu kila siku, wamelala kochini. Mshauri hakuwa na kochi, na Fundi hangelala mbele ya mtu asiyemjua, kwa hiyo waliketi vitini. Sioni kuwa kilipotea kitu hapo.

Ndoto, tafsiri na kuondoka

Vikao vya mwanzo vilikwenda vizuri kuliko mshauri alivyodhani. Alimwachia Fundi azungumze lolote lililomjia, akajizuia kumkatiza, na baada ya muda Fundi akaanza kueleza utoto wake: harufu ya mbao za msaji, namna mjomba alivyopitisha kidole gumba juu ya ua lililochongwa akanyamaza, na ukimya huo ukawa ndio sifa au ndio hukumu. Mshauri aliandika pia kwamba Fundi hakupinga hata neno moja. Kila alichoulizwa alijibu, "Naam." Alipoulizwa kama saa ya kikao inamfaa, alisema inamfaa, ingawa baadaye ilijulikana kuwa ilimkosesha kumsaidia mama yake kazi za jioni.

Kisha akaleta ndoto. Mlango umesimama peke yake ufuoni maji yakiwa yamekupwa, hauna ukuta wala nyumba. Sauti ya mjomba inatoka upande wa pili ikimwambia afungue. Komeo liko upande wa kulia, na mkono haufiki.

Mshauri alikuwa na tafsiri tayari. Mlango na nyumba, alimweleza, ni mwili wa mama. Sauti ya mjomba ni ya baba anayelinda, kwani mjomba ameshika nafasi ya baba aliyefariki. Ndani ya Fundi kuna hamu ya kale ya kuwa na mama peke yake na kumwondoa anayemzuia, na mkono uliopooza ni adhabu aliyojipa kwa hamu hiyo. Huu ndio mgogoro wa Oedipus, ambao Freud aliuona kuwa wa wanadamu wote.

Fundi akasema, "Astaghfirullah." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Mjomba wangu ndiye alonilea. Haya ni maneno gani?" Akainuka. Mshauri akaandika katika jalada: "Upinzani mkali, tafsiri imegusa penyewe." Fundi hakurudi wiki iliyofuata wala ile nyingine.

Maamuzi baada ya usimamizi

Mshauri alikileta kisa kikundini akitaka kusaidiwa namna ya kuuvunja upinzani. Kikundi kilimuuliza swali lililombabaisha: kama Fundi angesema "Naam" kama alivyozoea, angeandika nini? Alijibu kwa uaminifu kwamba angeandika kuwa tafsiri imekubalika.

Maamuzi matatu yalifanywa. Kwanza, tafsiri ya ndoto iwekwe kando kabisa, na kama Fundi atarudi asishawishiwe kuikubali wala kuikataa. Pili, kabla ya lolote, Fundi aonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na aelezwe upya kwamba hali yake ni ya kweli, inajulikana, na hutokea bila mtu kujifanya. Tatu, mshauri aache kuuliza maana ya mkono na aulize maisha ya Fundi yalikuwa yanaelekea wapi siku mkono ulipogoma.

Uamuzi wa pili ndio uliofungua njia. Mtaalamu wa viungo alimketisha Fundi, akamtaka ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 100 akiondoa saba kila mara, na huku anahesabu akawa anamrushia ndimu mkono wa kushoto, naye anairudisha. Alipofika 72, ndimu ilirushwa kulia. Mkono wa kulia ukaidaka. Fundi akaacha kuhesabu, akaitazama ndimu iliyobanwa na vidole vyake, na vidole vikalegea ikaanguka. Mtaalamu hakusema "Unaona, unaweza!", kauli ambayo ingekuwa sawa na ile ya daktari. Alimweleza kuwa njia zote kutoka kichwani hadi vidoleni ni nzima, kwamba kinachokwama ni mwendo wa kukusudia, pale anapoutazama mkono na kuuamrisha, na kwamba hilo hufundishika upya. Fundi aliniambia ndiyo siku ya kwanza aliyolala usingizi.

Kupitia mtaalamu huyo alituma salamu: angerudi kwa mshauri, ila "yule bwana asinitafsirie ndoto tena".

Aliporudi, mshauri alimuuliza, "Mlango ule ukiisha, kesho yake utakuwa wapi?" Fundi alikaa kimya muda mrefu. "Ukiisha ule mlango," akasema, "na mimi nimekwisha." Habari ya Mombasa ikatoka hapo, na ya akdi, na ya kutoweza kumwambia "la" mtu aliyemfanya kuwa fundi. Haya hayakuwa yamezama popote. Fundi aliyajua yote tangu mwanzo. Hakuwa na mahali pa kuyasemea.

Mshauri alijitolea kuzungumza na mjomba. Fundi alikataa, na kwa maoni yangu kukataa huko, "la" yake ya kwanza ndani ya chumba kile, kulikuwa tukio kubwa kuliko mkono. Alimchagua bibi yake, mama wa mjomba, ambaye alikwenda nyumbani kwa mwanawe usiku na kuzungumza naye faragha.

Matokeo

Mjomba alikasirika, akakaa siku kadhaa bila kwenda karakana. Alipokwenda alisema mlango uishe kwanza, mengine yatazungumzwa. Mkono ulirudi polepole katika muda wa wiki nyingi: kijiko, kisha msasa, kisha patasi ndogo. Mlango ulikamilika ukiwa umechelewa, na mwenye mlango akalipa. Binti wa mjomba, alipoulizwa kwa mara ya kwanza, alisema anataka kumaliza chuo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na katika jalada zima la mshauri hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha kuwa mshauri aliwahi kujiuliza msichana anataka nini.

Fundi sasa anafanya kazi Mombasa na hurudi kwa sikukuu. Mkono ulimlegea tena mara moja, kwa siku mbili, habari za ndoa zilipofufuliwa. Alikwenda kusomewa na akafanya mazoezi aliyofundishwa. Hakumpigia mshauri simu.

Uchambuzi

*Kilichofaa.* Ni rahisi kukitazama kisa hiki na kusema Freud atupwe. Mimi sikubaliani. Kumwachia mtu muda na ukimya hadi maneno yake yajipange yenyewe ni urithi wa saikolojia changanuzi, na ndio uliomfikisha Fundi kwenye ukimya wa mjomba na kidole chake gumba. Dhana ya uhamisho wa hisia nayo ilikuwa ufunguo uliokuwa mkononi mwa mshauri tangu kikao cha kwanza: zile "Naam" zote zilikuwa za mjomba, na mshauri alizipokea kana kwamba ni zake. Jambo la ajabu ni kwamba Freud mwenyewe aliwahi kulieleza kosa la aina hii. Katika kisa cha binti aliyemwita Dora, alichokichapisha mwaka 1905, mgonjwa alikatiza tiba baada ya wiki 11, na Freud akakiri katika maelezo ya mwisho kwamba hakuuona uhamisho kwa wakati. Mshauri alikuwa amesoma kisa hicho.

*Tafsiri isiyoweza kukosea.* Kasoro kubwa zaidi iko katika lile neno "upinzani". Mwanafalsafa Karl Popper, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alisema nadharia ya kisayansi lazima ikataze jambo fulani lisitokee, ili likitokea nadharia ianguke, na kwamba saikolojia ya Freud haikatazi kitu, kwa hiyo haiwezi kuanguka. Kikundini tuliliona hilo likitendeka: "Naam" ingethibitisha tafsiri, "Astaghfirullah" pia ikaithibitisha. Kwa haki, Freud aliujua ukosoaji huu na aliujibu mwaka 1937, akisema mchanganuzi hapaswi kuichukua "ndiyo" wala "la" ya mgonjwa kwa thamani ya juujuu, na asubiri ushahidi mwingine utakaojitokeza baadaye. Jibu hilo lina uzito kwenye karatasi. Chumbani, mwenye kuamua ushahidi mwingine ni upi ni yuleyule aliyetoa tafsiri, na anayehukumiwa ni kijana aliyelelewa kutopinga wakubwa.

*Mjomba na Oedipus.* Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliishi katika visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na mwaka 1927 akachapisha hoja kwamba huko, ambako ukoo hufuata upande wa mama na mamlaka yako kwa mjomba, kijana humkasirikia mjomba, huku baba akiwa rafiki. Ikiwa hasira humfuata mwenye mamlaka, basi huenda haina uhusiano wowote na wivu juu ya mama. Ernest Jones, mfuasi wa Freud, alijibu kwamba mpangilio huo wenyewe ni njia ya kuuficha mgogoro wa Oedipus, jibu ambalo Popper angelipenda kama mfano. Lamu si Trobriand. Urithi hapa hufuata sheria ya Kiislamu na nasaba hufuata baba, kwa hiyo nisingependa mtu aubadilishe mgogoro wa Oedipus kwa mgogoro wa mjomba na kuutembeza mji mzima. Kwa Fundi, mjomba alikuwa mlezi, mwajiri, mwalimu na mkwe mtarajiwa kwa wakati mmoja. Mtu yeyote angeelemewa na hayo bila kumtia mama yake ndani ya ndoto. Na nadharia inayomtazama mwanamke hasa kama kitu kinachogombewa na wanaume haishangazi ikimsahau binti wa mjomba. Mchanganuzi Karen Horney alianza kuulalamikia upande mmoja huo tangu miaka ya 1920, akiwa ndani ya fani yenyewe.

*Nani aliyeuponya mkono?* Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe wagumu. Ndani ya wiki zilezile Fundi alizungumza na mshauri, akafanya mazoezi ya viungo, akaelezwa ugonjwa wake vizuri, akasomewa, bibi akaingilia kati, na mjomba akalegeza. Muda nao ulipita, na muda ni tabibu asiyedai ada. Mwanasaikolojia Hans Eysenck alidai mwaka 1952 kwamba takriban theluthi mbili ya wagonjwa wa aina hii hupata nafuu ndani ya miaka miwili hata bila tiba ya kuzungumza. Hesabu zake zilikosolewa vikali, na tafiti za baadaye zimeipa nguvu tiba fupi iliyotokana na saikolojia changanuzi, lakini swali lake bado linauma kwa kila mwandishi wa kisa kimoja. Mwanafalsafa Adolf Grünbaum aliongeza mwaka 1984 kwamba anayotuambia mgonjwa chumbani yamekwisha kupakwa rangi na matarajio ya mchanganuzi. Kuhusu Anna O., mwanahistoria wa tiba ya akili Henri Ellenberger alionyesha mwaka 1972 kwamba baada ya tiba ya Breuer alilazwa katika nyumba ya wagonjwa akiwa bado anaumwa, ilhali kitabu cha mwaka 1895 kilimwacha msomaji akidhani amepona.

Hata ile dhana kwamba nyuma ya kila mkono uliopooza pana siri ya nafsi imelegezwa. Mwongozo wa uainishaji wa maradhi ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliondoa sharti la kupata msongo wa kisaikolojia kabla ya kuuita ugonjwa huu kwa jina lake, kwa sababu wagonjwa wengi hawana msongo unaoonekana, na kuusaka kwa nguvu huzalisha hadithi. Fundi alikuwa na msongo, na ulikuwa wazi. Mgonjwa anayefuata huenda asiwe nao, na mshauri aliyejifunza kwa Fundi peke yake ataendelea kumchimba.

*Utaratibu uliobadilishwa.* Tangu kisa hiki, kikundi kinataka kila jalada liwe na safu tatu. Ya kwanza ni maneno ya mteja kama alivyoyasema. Ya pili ni tafsiri ya mshauri, ikiwa anayo. Ya tatu inaandikwa kabla ya kikao kinachofuata, na inasema ni neno gani au tukio gani likijitokeza litaonyesha kuwa tafsiri hiyo si kweli. Tafsiri ambayo safu yake ya tatu iko tupu haisemwi kwa mteja.